Kiti cha Jumanne

Mimi ni fundi wa mabegi. Meza yangu iko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitenge. Nabadilisha zipu, nashona mikanda, naweka magurudumu. Kwa miaka kumi na mitano nimetengeneza mabegi ya watu wanaosafiri. Begi la Mwanza, begi la Bukoba, begi la Dubai. Mwenyewe nilikuwa sijawahi kupanda ndege.

Kila mchana mke wangu, Evarista, alikuwa akiniletea chakula kutoka Buguruni, tulikopanga chumba. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akanitazama nikila. "Usiache mchuzi, Tarsis," alikuwa akisema. Ndoo bado ipo. Alipoondoka nikawa naweka juu yake zipu zilizokufa.

Nitaeleza ilivyokuwa. Wapo wengi wanaoishi kama nilivyokuwa naishi, na hakuna mkubwa atakayetoka ofisini kuja kuwaeleza.

Mwaka ule wa mvua kubwa Evarista aliumwa kifua. Tulikwenda hospitali. Tukaambiwa dawa tukanunue wenyewe. Zamani dawa ilikuwa bure. Sasa ni soko huria, hata kuumwa kuna bei. Akaona bora aende kwao Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, mama yake amuuguze. Alimchukua mtoto wetu, Stella, mwenye miaka saba. Wakati huo barabara ilikuwa bado inapitika.

Wiki tatu baadaye simu ilipigwa kwa mwenye duka la vitenge. Evarista amefariki.

Nilipanda basi siku iliyofuata alfajiri. Tulipofika mto Rufiji, maji yalikuwa yamemeza njia na kivuko kimesimama. Tulilala pale juu ya magunia. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Muhogo wa kuchemsha tulinunua kwa bei ya nyama. Mto ule unafurika kila mwaka, na kila mwaka wakubwa wanashangaa.

Nilipofika Naliendele, kaburi lilikuwa na siku tano. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka.

Shemeji yangu Athanas, kaka wa marehemu, hakunipa mkono.

"Tulikungoja siku nzima," alisema. "Maiti haingoji, shemeji."

"Njia ilikatika."

"Njia ilikatika kwa wote. Wewe ndiye mume."

Kwetu kusini mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno. Athanas akaniambia siku ya arobaini ukoo utakaa. Nilete nguo zote za marehemu, kwa mikono yangu mwenyewe. Katika ukoo wao nguo hizo hapewi mtu mwingine kuzipeleka. Mume asiyezileta anahesabiwa kuwa alimtupa mkewe. Nguo zikishagawiwa, ukoo utasema Stella atakaa kwa nani.

"Usipokuwepo," Athanas alisema, "hatutauliza uko wapi."

Siku naondoka Stella alinisindikiza mpaka njiani.

"Baba, utarudi?"

"Nitarudi."

"Mapema? Au kama siku ile?"

Nilimshika kichwa nikapanda lori.

Nilirudi Dar kwa malori matatu na mtumbwi mmoja. Nilipofika Kariakoo zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita. Wiki ile ile redio ikasema barabara ya kusini imefungwa kabisa. Hata malori hayapiti.

Jirani yangu kazini ni Marcelino, fundi viatu. Mdomo wake haupumziki.

"Panda ndege," aliniambia.

"Ndege ni ya wakubwa."

"Zamani, lilipokuwa shirika moja tu la serikali. Siku hizi kuna kampuni za watu. Mwenye ndege anatafuta abiria kama wewe unavyotafuta begi lililopasuka. Kaulize bei."

"Wewe umeshapanda?"

"Mimi? Mimi naogopa hata ngazi."

Nilifunga meza nikaenda mjini kwa miguu, ofisi ya kampuni moja. Ndani baridi kama ndani ya friji. Dada wa pale alifungua daftari lake.

"Arobaini ni Jumamosi ya nne kutoka sasa," nilimwambia. "Nataka nifike kabla."

"Kuna ndege Alhamisi ya wiki hiyo. Nafasi zipo. Elfu arobaini na tano."

"Nipe kwa thelathini."

"Baba, hapa hatupatani bei."

"Thelathini na mbili."

Alifunga daftari. Hakukasirika. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba nimemjua. Mimi ni mtu wa Kariakoo. Nyanya za asubuhi si nyanya za jioni. Asubuhi mwenye nyanya anaringa. Jioni anaona zitamwozea, anakuita mwenyewe, anakuongezea na nyingine za bure. Basi nalo ni hivyo. Likiwa halijajaa na dereva ameshawasha moto, mpiga debe anashusha nauli. Nikawaza kiti cha ndege kilichobaki kitupu ni nyanya ya jioni. Nitangoja. Siku zikikaribia, yule dada atashuka mwenyewe.

Nilimweleza Marcelino.

"Hapo umewaweza," alisema. "Waache waozewe."

Basi nikangoja wiki mbili. Nilishona mabegi mchana kutwa. Usingizi ulinikataa, lakini moyoni nilijiona mjanja.

Zilipobaki siku kumi na mbili, siku ya Jumatatu, nilirudi kwa yule dada.

"Ile bei imekwisha," alisema. "Alhamisi kimebaki kiti kimoja. Elfu sabini."

"Kimebaki kimoja halafu bei imepanda?"

"Ndivyo ilivyo, baba. Kuna semina Mtwara wiki hiyo. Maofisa wamechukua nafasi nyingi."

"Semina ya nini?"

"Ya barabara, nadhani."

Elfu sabini sikuwa nazo. Nilitembea kurudi Kariakoo, sioni magari wala watu. Barabara wameshindwa kuijenga. Mke wangu amezikwa bila mimi kwa sababu ya barabara hiyo. Sasa wanakwenda kuizungumza wakiwa wamekalia kiti changu.

Mchana ule alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mama Jasumati. Anafanya kazi kwa wakala wa tiketi kule Kisutu. Alikuwa ameacha begi la mwanawe Vivek, zipu imekatika.

"Fundi, begi tayari?"

"Bado, mama. Leo sina mkono."

"Mkono huo hapo naona. Kuna nini?"

"Muulize Tarsis kuhusu nyanya zake," Marcelino akadakia.

Nikamweleza yote, hasira zikinitoka. Mazishi, nguo, mtoto, kiti cha elfu sabini, semina. Alivuta ile ndoo, akaondoa zipu, akakaa. Tangu Evarista aondoke, hakuna mtu aliyekuwa ameikalia.

"Wakubwa wamemaliza viti," nilisema.

"Wamemaliza kwa sababu makarani wao walipiga simu mapema. Wewe ulikuwa hapa, dakika ishirini kwa miguu, unangoja bei ioze. Fundi, ndege si nyanya."

"Kiti kitupu si hasara kwao?"

"Ni hasara. Lakini wanajua anayekuja dakika za mwisho ana shida. Ana mgonjwa, ana msiba, ana kikao. Huyo atalipa tu. Kwa hiyo wanaweka viti vichache vya bei ya chini kwa wanaowahi. Vikiisha, vimeisha. Sokoni ukichelewa unapata nafuu. Kwa ndege nafuu ni ya aliyewahi."

"Mbona hawabandiki tangazo ukutani?"

"Hilo sijui. Najua uliingia ofisi moja, ukauliza siku moja, ukatoka."

Marcelino aliacha kugonga kiatu ili asikie vizuri.

"Sasa sikiliza," mama Jasumati aliendelea. "Ukitafuta kiti cha ndege, usiulize Alhamisi ni bei gani. Uliza siku gani ni nafuu. Uliza kampuni ya pili, na ya tatu. Kuna kampuni mpya ina ndege ndogo. Inakwenda Mtwara kila Jumanne, inapita Mafia na Kilwa. Inachukua muda, maana inatua tua kama ndege wa shambani. Watu wa semina hawaitaki. Asubuhi nimeona ina nafasi Jumanne ijayo. Elfu thelathini. Ukikata kwenda na kurudi pamoja, hamsini na nne."

"Hata hiyo ni nyingi. Basi ni elfu tisa."

"Siku sita za kula mtoni je? Malori matatu? Na siku kumi na nne meza yako imefungwa?"

Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya. Lakini si pesa iliyonizuia.

"Mama, arobaini ni Jumamosi. Nikienda Jumanne nitakaa ukweni siku nne kabla. Kwa watu ambao sikuwazikia mtoto wao. Nitakula vipi chakula chao?"

"Kwa hiyo elfu arobaini unataka kulipa ili usitazamwe usoni?"

Marcelino alicheka, akaona sicheki, akarudi kwenye kiatu.

Jioni ile, kabla hawajafunga, nilikuwa Kisutu kwenye meza ya mama Jasumati. Alipiga simu, akaandika.

"Jina lako kamili, lililo kwenye kitambulisho."

"Andika Fundi Tarsis. Wote wananijua."

"Wa Sikukuu wanakujua. Wa uwanjani hawakujui. Kitambulisho kina jina gani?"

Sikuwa nacho. Akanielekeza nikachukue barua ya serikali ya mtaa, yenye picha yangu na mhuri, na jina la kwenye barua lilingane na la kwenye tiketi, herufi kwa herufi. Nikamuuliza kama ushuru wa uwanja wa ndege umo ndani ya nauli. Alitabasamu kidogo.

"Umeanza kuuliza. Haumo. Weka akiba."

Halafu akasema, "Na mtoto?"

"Mtoto bado hajaamuliwa."

"Ndege ile ina viti kumi na mbili tu. Wakiamua Jumamosi aje, Jumanne utamweka wapi? Mapajani? Miaka saba ana kiti chake, kwa nusu nauli. Tukishike."

"Nikilipa halafu wakatae?"

"Kushika si kulipa. Naandika jina lake, kiti kinangoja. Unalipa kwa wakala wao Mtwara, mwisho Jumatatu saa sita mchana. Usipolipa, saa saba wanamwuzia mwingine. Huna deni na mtu."

Akaniandikia karatasi. Jina la Stella lilikuwa pale, chini ya langu. Nililitazama sana.

"Na hapa pameandikwa saba na sifuri mbili," alisema. "Usije ukafika mchana. Wao wanahesabu kutoka usiku wa manane. Ni saa moja asubuhi. Uwe uwanjani saa kumi na moja na nusu. Jumatatu pita hapa tuthibitishe, maana ndege ndogo hubadilisha saa. Begi lisizidi kilo kumi na tano."

Nguo za Evarista nilizipanga Jumapili. Khanga, vitenge, gauni la kanisani, sweta alilovaa alipoumwa. Nilitafuta begi zuri kati ya yale ambayo wateja waliyatelekeza, nikalitia zipu mpya. Nilikwenda kwa mwuza mchele jirani nikaliweka juu ya mizani yake.

"Kilo kumi na moja," alisema. "Hujazidisha."

Miaka kumi na miwili ya ndoa. Kilo kumi na moja, pamoja na begi lenyewe.

Jumanne nilipanda. Sitasema mengi kuhusu kuruka. Tumbo lilibaki chini, likanifikia baadaye. Tulitua Mafia, tukatua Kilwa, saa nne asubuhi nikawa Mtwara. Saa tano nilikuwa Naliendele na begi mkononi.

Athanas alikuwa anarekebisha uzio. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, kama anayetafuta lori.

"Arobaini ni Jumamosi," alisema.

"Najua, shemeji."

"Mbona leo?"

"Kiti cha leo ndicho nilichoweza."

Alinipisha.

Siku nne zile zilikuwa nzito. Stella alilala ameshika shati langu. Asubuhi nilikwenda kaburini, nikang'oa majani, nikaongeza udongo pale ulipotitia. Siku ya pili Athanas alikuja na jembe lake. Tulifanya kazi bila maneno. Siku ya tatu mama mkwe, bibi Benedikta, aliniita jikoni.

"Hujaniuliza alivyokufa," alisema.

"Naogopa, mama."

"Alikuulizia mara mbili. Nikamwambia yuko njiani. Mara ya tatu hakuuliza."

Nilikaa pale mpaka moto ulipozimika. Ningekuja dakika ya mwisho, katika watu na mapishi, neno hilo lisingesemwa. Sijui kama ingekuwa afadhali.

Jumamosi ukoo ulikaa uani. Nguo zilitolewa moja moja. Sweta alichukua mama yake. Zilipokwisha, Athanas alisema, "Sasa mtoto."

Nilitoa ile karatasi nikaiweka mkekani. Aliichukua, akasoma. Uso wake ukabadilika.

"Stella Tarsis. Jumanne." Akawatazama wazee. "Ameshamkatia tiketi. Hakuja kutuuliza. Amekuja kutuaga."

Watu waliguna.

"Si tiketi, shemeji," nilisema. "Ni nafasi imeshikwa. Haijalipwa. Mkisema mtoto abaki, Jumatatu saa sita wanafuta jina lake, wanamwuzia mwingine. Lakini nisingeshika, nanyi mkasema aende, kiti kisingekuwepo. Safari ile nilikuja bila kupanga. Mliona nilivyofika."

Athanas alikunja karatasi, akaikunjua.

Bibi Benedikta ndiye aliyesema. "Kwa hiyo tukikataa, hupotezi kitu?"

"Hela sipotezi, mama."

Bibi alimtazama mwanawe.

"Amekaa hapa siku nne," alisema. "Tumemsema, amesikia. Hakukimbia. Mtoto aende akasome. Kila likizo ya Desemba aje kwangu."

"Barabara iwepo, isiwepo," Athanas akaongeza.

"Iwepo, isiwepo," nilisema. "Nitashika nafasi Oktoba."

Jumatatu saa tatu asubuhi nililipia kiti cha Stella. Tulikwenda pamoja na Athanas. Yeye ndiye aliyemtamkia karani jina la mtoto.

Kwenye ndege Stella alikaa dirishani. Tulipovuka Rufiji, mto ulikuwa umetapakaa kama mchuzi uliomwagika. Ng'ambo ya kusini malori yalikuwa yamepanga foleni, madogo kama punje za mtama. Watu walikuwa wamelala pale. Nilihesabu kidogo tu, na mto ukawa nyuma yetu.

"Baba, ndege hii ilikuwepo siku ile mama alipokufa?"

"Ilikuwepo."

"Mbona hukuja nayo?"

"Sikujua."

"Hawakukuambia?"

Nilitaka kusema wakubwa. Neno lilikuwa mdomoni, nimelizoea. Ni kweli hawakuniambia. Barabara bado ni yao, na sijawasamehe.

"Sikuuliza," nilisema.

Alirudi kutazama dirishani.

Sasa Stella anasoma Buguruni. Mchana anakuja kwenye meza yangu, anakaa juu ya ndoo, anasoma daftari lake. Mvua kubwa zilikwisha, redio inasema barabara itatengenezwa. Imesema hivyo tangu mimi mdogo.

Juzi alikuja mtu wa Songea na begi limepasuka upande mzima.

"Harusi ya dada yangu ni mwezi ujao," alisema. "Nishonee. Tiketi nitakata siku mbili kabla, labda watashusha."

Marcelino aliinamisha kichwa akijifanya anatafuta msumari.

Nililipokea begi, nikaliweka chini ya meza.

"Begi ni la kesho," nilimwambia. "Leo nenda Kisutu. Muulize mama Jasumati siku gani ni nafuu."